Kumwandikia Mtoto Habari za Kifo: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Mambo Magumu

Mtoto wa miaka minane aliyefiwa na mama yake hujua mengi kuliko watu wazima wa nyumba hiyo wanavyodhani. Ameona turubai likifungwa uani, ameona viti vya kukodi vikishushwa kwenye kirikuu, ameona shangazi zake wakiingia na mabegi siku ambayo si sikukuu, na amesikia mazungumzo yakikatika kila anapotokea mlangoni. Asichokuwa nacho ni maelezo, na mara nyingi hata mtu wa kumwomba maelezo hayo hana, kwa kuwa kila mkubwa anayemtazama huanza kulia au humtuma dukani.

Mwongozo huu ni wa mwandishi anayetaka kumwandikia mtoto huyo, na pia mwenzake wa darasani ambaye hajafiwa lakini hajui amwambie nini. Nimekichukua kifo cha mzazi kiwe mfano wa kuanzia hadi kumalizia, kwa sababu anayeweza kukiandika kwa ukweli ataweza kuandika ugonjwa, talaka, ulemavu au vita kwa njia hizi hizi, isipokuwa mambo machache yenye masharti yake ambayo nitayataja mahali pake.

Hatua ya kwanza: tafuta swali la mtoto kabla ya kutafuta kisa

Kifo, kama mada, ni cha watu wazima. Mtoto hana mada. Ana maswali, nayo huwa karibu sana na mwili wake, chakula chake na mahali pake pa kulala. Nani atanisuka Jumapili jioni? Mama hasikii baridi kule chini? Na baba naye atakufa? Nitaendelea kusoma shule ileile? Je, amekufa kwa sababu siku ile nilimwambia simpendi?

Swali hilo la mwisho halisemwi kwa sauti, na ndiyo maana mwandishi anapaswa kulifahamu. Watoto wadogo huamini kwamba mawazo na maneno yao yana nguvu ya kutenda mambo, hivyo mtoto aliyekasirishwa na mama yake asubuhi, akaambiwa jioni kuwa mama hayupo tena, anaweza kubeba hatia kwa miaka bila mtu yeyote kuishtukia. Kitabu kinachosema waziwazi kwamba hasira ya mtoto haimuui mtu kimeshafanya kazi kubwa, hata kama hakikufanya nyingine.

Chagua swali moja. Liandike juu ya karatasi kabla ya sentensi ya kwanza ya hadithi, kisha kila ukurasa unaoandika uupime kwalo. Kwa mfano wetu, mhusika ni Tatu, msichana wa miaka minane anayeishi Tanga, na swali lake ni nani atamsuka. Linaonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo yote mengine: nani atakaa nyuma yangu kwa saa nzima, nani anajua kichwa changu kinauma wapi, nani atakumbuka kuwa kesho ni shule.

Hatua ya pili: amua umri, kisha uuheshimu

Wataalamu wa makuzi ya watoto hutaja mambo manne ambayo mtoto huyaelewa polepole kuhusu kifo: kwamba hakirudishwi nyuma, kwamba mwili wa aliyekufa huacha kufanya kazi zote, kwamba kila kiumbe hai hatimaye hufa, na kwamba kifo kina sababu inayoeleweka. Mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida bado hajayashika. Atakubali kuwa babu amekufa, kisha baada ya chakula cha mchana atauliza babu anakuja lini. Watoto wengi huyaelewa mambo haya kati ya miaka mitano na saba hivi, lakini hawaendi sawa, na aliyewahi kufiwa huweza kuwatangulia wenzake.

Kwa hiyo kitabu cha mtoto wa miaka minne kinahitaji kusema jambo lilelile mara kadhaa kwa maneno ya mwili: hapumui, hasikii, haoni njaa, haumwi tena, harudi. Msomaji wa miaka tisa anataka kingine kabisa, nacho ni nafasi ya kuona wivu kwa wenye mama, kukasirika, na kuona aibu darasani mwalimu anaposema kila mtu amwandikie mama yake barua. Wa miaka 12 ataanza kuuliza habari za fedha, za nyumba na ndugu wanaoigombania, na za kaka aliyeacha masomo ili afanye kazi. Mwandishi anayejaribu kuwahudumia wote watatu kwa kitabu kimoja huishia kuwaandikia wazazi wao.

Urefu nao hufuata umri. Kitabu cha picha hakina haja ya kuvuka maneno 800, na vingi vizuri havifiki 500. Hadithi ya sura fupifupi kwa msomaji anayejitegemea inaweza kuwa na maneno 3,000 hadi 8,000.

Hatua ya tatu: chunguza msiba kwa macho, si kwa hisia

Hakuna msiba wa jumla. Familia ya Kiislamu ya pwani huharakisha kuzika, mara nyingi siku hiyohiyo. Kwa desturi wanaume hufuata jeneza makaburini huku wanawake wakibaki nyumbani, kisha huja khitma na, kwa familia nyingi, arobaini. Familia ya Kikristo inayoishi Dar es Salaam lakini yenye asili ya Moshi au Bukoba huenda ikasubiri siku kadhaa, mwili ukiwa mochwari, kisha basi la kukodi likasafiri usiku kucha kuelekea kijijini, na mtoto akapitishwa mbele ya jeneza kuaga. Hayo ni matukio mawili tofauti kabisa kwa mtoto anayeyatazama, na hofu zake ni tofauti.

Chukua mfano wa eda. Baba akifa, mama Mwislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na kwa mtoto maana yake ni kwamba aliyebaki naye hamsindikizi shuleni, havai nguo zake za rangi, na wageni wanasema naye kwa sauti ya chini. Kama hakuna aliyemweleza, mtoto anaweza kudhani mama naye ameanza kuumwa. Mwandishi anayelijua hilo ameshapata sura nzima ya kitabu, na hakuna kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa mbali kitakachompatia.

Katika kuuliza, zungumza na watu wazima waliofiwa utotoni badala ya kuwahoji watoto walio katikati ya majonzi. Usiwaulize walijisikiaje, kwa kuwa watakujibu kwa maneno ambayo kila mtu huyatumia. Waulize walikuwa wamevaa nini, nani alipika, walilala kwa nani usiku ule, waliambiwa nini hasa na nani, na ni kitu gani cha marehemu walichokificha. Majibu ya maswali haya ndiyo yanayojenga hadithi. Kisha usichukue kisa cha mtu kama kilivyo kwa kubadilisha jina tu. Mtaani kwao watakitambua, na mtoto anayehusika atakua akiwa mhusika wa kitabu ambacho hakuombwa ruhusa yake.

Hatua ya nne: mpe msomaji mtu, hata kama sungura anakuvutia

Sisi tuliolelewa na ngano za sungura na fisi hukimbilia wanyama kila jambo linapokuwa zito, tukidhani kuwa umbali huo unamlinda mtoto. Unamlinda, lakini pia unamwezesha kuliacha funzo porini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa miaka minne hadi sita: waliosomewa hadithi ya kugawana vitu yenye wahusika binadamu waligawana zaidi baadaye, ilhali waliosomewa hadithi hiyohiyo yenye wanyama wanaovaa na kusema kama watu hawakufanya hivyo. Jaribio hilo halikuhusu kifo, na sitaki kulibebesha zaidi ya lililopima, ila linatosha kumfanya mwandishi asite kabla ya kumvika sungura kanga ya msibani.

Ukishamchagua binadamu, jihadhari na kumgeuza kuwa shujaa wa lazima. Mwandishi wa Ghana, Meshack Asare, aliandika kuhusu mvulana asiyeweza kutembea, aitwaye Sosu, ambaye kwa kupiga ngoma anakiokoa kijiji chake bahari inapofura. Kitabu hicho, Sosu's Call, kilichotoka 1997, kilipata tuzo ya UNESCO ya vitabu vya watoto vinavyohimiza uvumilivu mwaka 1999, na kilistahili. Hata hivyo, waandishi waliofuata wameiga umbo hilo bila umahiri huo, na matokeo yake ni vitabu vingi ambamo mtoto mwenye ulemavu hakubaliwi na wenzake mpaka aokoe mtu. Yatima naye amepata ajali hiyohiyo: lazima awe wa kwanza darasani. Tatu wetu anaruhusiwa kushika nafasi ya 23 na bado akastahili kupendwa.

Jambo jingine la kuepuka ni mama wa kambo katili. Ngano zetu zimejaa mama huyo, na mtoto atakayeshika kitabu chako huenda analelewa na mama wa kambo ambaye ndiye pekee anayejua namba ya kiatu chake.

Hatua ya tano: andika tukio lenyewe mapema, na uliandike mara mbili

Waandishi wengi huandika sura za mwanzo kwa raha, kisha hukwama wanapofika kwenye kifo. Katherine Paterson wa Marekani, ambaye kitabu chake cha 1977 kuhusu urafiki wa watoto wawili kilitokana na kifo cha rafiki wa mwanawe aliyepigwa na radi, ameeleza kwamba naye aliiacha kazi hiyo alipofikia sura ambayo msichana anakufa, kwa kuwa hakutaka kuiandika. Kitabu kilimalizika na kikapata medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1978. Ushauri wangu ni kutosubiri ukwame: andika ukurasa huo katika wiki ya kwanza, hata kabla hujajua hadithi inaanzaje, kwa sababu lugha utakayoipata humo ndiyo itakayokuwa lugha ya kitabu kizima.

Rasimu ya kwanza ya mtu yeyote huwa hivi:

"Siku ile wingu zito la huzuni lilitanda juu ya nyumba yao. Tatu alihisi moyo wake ukipasuka vipande vipande. Mama yake kipenzi alikuwa amewaacha na kwenda mahali pema. Tatu alilia kwa uchungu usioelezeka."

Kila sentensi hapa ni ya mtu mzima. Wingu ni la mwandishi, mtoto hakuliona. Kuambiwa kuwa mama "amewaacha" ni kumfanya aamini kwamba mama alichagua kuondoka, na swali litakalofuata ni kwa nini hakunichukua. "Mahali pema" ni mahali ambapo mtoto ataomba nauli apafikie. Uchungu usioelezeka, kwa upande wake, ni ungamo la mwandishi kwamba hakujaribu kuueleza. Sasa rasimu ya pili:

"Bibi alimketisha Tatu kwenye jamvi, akakaa naye uso kwa uso.
'Tatu, mjukuu wangu. Mama yako amekufa.'
Tatu alitazama mguu wa bibi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa na hina iliyobaki nusu.
'Atarudi lini?'
'Hatarudi. Mtu akifa, mwili wake unaacha kufanya kazi. Hapumui tena. Haumwi tena. Harudi.'
'Hata siku ya Idi?'
'Hata siku ya Idi.'
Uani mtu aliangusha sufuria. Tatu akauliza kama wali umeshaiva."

Tazama kilichobadilika. Habari imetolewa na mtu anayempenda, aliyekaa, asiye na haraka. Neno lenyewe limetamkwa, na maelezo yake yamefuata papo hapo kwa vitendo vya mwili. Tatu ameuliza swali moja mara mbili, kama watoto wanavyouliza, na mara ya pili ameuliza kwa siku anayoijua. Macho yake yameenda kwenye hina kwa sababu macho ya aliyeshtuka hutafuta kitu kidogo cha kushika.

Sentensi ya mwisho ndiyo itakayokuletea ugomvi na mhariri. Ataona kwamba Tatu hana huzuni. Itetee. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka kwa vipindi. Atalia, ataomba chakula, atacheza rede na wenzake, kisha usiku atalia tena. Watu wazima wanaoliona hilo msibani husema "bado hajaelewa", na mtoto anayewasikia hujiuliza kama anakosea kwa kucheza. Kitabu chako kimwambie, bila kuhubiri, kwamba hakosei.

Hatua ya sita: pima kila neno la kupoza

Kiswahili kina heshima zake, na heshima hizo hazina ubaya wowote mezani pa watu wazima. Tatizo ni kwamba mtoto huzichukua kama zilivyo. Aliyeambiwa baba "amelala" huogopa kulala. Aliyeambiwa "amesafiri" hulia kila mjomba anapopanda basi. Aliyeambiwa kuwa Mungu alimpenda mama zaidi huanza kumwogopa Mungu, au huacha tabia njema ili asipendwe kupita kiasi. Unaweza kutumia "amefariki", ambalo ni neno la heshima na wazi, mradi mhusika aongeze "yaani amekufa" mara ya kwanza.

Imani haina sababu ya kuondolewa. Nyumba ambayo bibi hasemi "Innalillahi" au "Bwana ametoa, Bwana ametwaa" si nyumba ambayo msomaji ataitambua. Weka imani mdomoni mwa mhusika anayeiishi, na kando yake uweke ukweli wa mwili, ili mtoto apate vyote viwili bila kulazimika kufumbua fumbo.

Sababu ya kifo nayo itajwe. "Aliumwa" haitoshi, kwa kuwa mtoto mwenyewe huumwa mafua kila mwezi. "Alipata ugonjwa mkubwa wa moyo, si kama mafua, na madaktari walijaribu lakini dawa hazikuweza" inatosha. Kama sababu ni UKIMWI, usiifiche kwa maneno ya ugonjwa wa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilishauri watoto wa umri wa shule wanaoishi na VVU waambiwe hali yao, hatua kwa hatua kulingana na uelewa wao. Msomaji wako anaweza kuwa anameza dawa za kufubaza makali ya virusi kila jioni huku akiambiwa ni vitamini. Hadithi ambamo mhusika anajua jina la dawa yake, anaimeza, kisha anakwenda kucheza mpira, humsaidia zaidi ya hadithi ambamo kila mwenye VVU hufa ukurasa wa mwisho. Siku hizi, kwa anayetumia dawa ipasavyo, mwisho huo si hata wa kweli.

Hatua ya saba: jibu swali, usitengeneze muujiza

Mwisho wa kitabu unadaiwa jambo moja, nalo ni jibu la swali uliloliandika juu ya karatasi. Nani atamsuka Tatu? Shangazi Mwajuma anajaribu kwanza. Mkono wake ni mzito, anavuta nywele mpaka macho yanatoka machozi, na anachagua twende kilioni kwa sababu ndio mtindo wa haraka. Tatu anazifumua usiku kwa siri. Siku nyingine baba anakaa kwenye kigoda, anashika kitana kama mtu anayeshika samaki hai, anasuka msuko mmoja uliopinda, anaacha. Jumapili inayofuata Tatu mwenyewe anamwonyesha shangazi mahali kichwa kinapouma, na shangazi analegeza mkono.

Hakuna aliyechukua nafasi ya mama, na kitabu hakijadai hivyo. Mtoto ameondoka na habari tatu: mtu yupo, mtu huyo anaweza kuelekezwa, na yeye mwenyewe ana la kusema. Mwisho wa namna hii unazidi kwa mbali ule wa mama kutokea ndotoni akiwa amevaa nyeupe na kutoa wosia. Ndoto hiyo mwandishi huipenda kwa kuwa inamliza yeye. Msomaji aliyefiwa ataingoja usiku baada ya usiku, na isipokuja atadhani mama amemkasirikia.

Hatua ya nane: yajue mambo yenye masharti yake

Hadithi ya ukatili wa kingono kwa mtoto haiandikwi kwa uhuru uleule. Kwanza, mkosaji asiwe mgeni mwenye pipi, kwa kuwa mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemfahamu na kumwamini. Pili, tendo lenyewe lisionyeshwe. Mtoto anahitaji kutambua dalili zake za mwanzo, kama vile kuombwa kutunza siri, kupewa zawadi zisizotajwa nyumbani na kuguswa kwa kisingizio cha mchezo. Tatu, jukumu la kuukomesha lisiwekwe mabegani mwa mtoto. Hadithi nyingi humfundisha kupiga kelele na kukimbia, na mtoto aliyeganda kwa hofu akashindwa kufanya hivyo hubaki akijilaumu. Mwache mhusika wako aseme baada ya muda mrefu, tena kwa nusu sentensi, na mtu mzima wa kwanza asimwamini, na wa pili amwamini. Mwishoni mwa kitabu weka namba 116, ambayo ni namba ya simu ya bure ya kumsaidia mtoto nchini Tanzania, Kenya na Uganda. Kabla ya kuchapa, mswada huo usomwe na afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha anayefanya kazi na watoto, na maoni yake yafuatwe hata yanapoharibu sentensi uipendayo.

Vita na ukimbizi vina hatari tofauti, ile ya kumgeuza mtoto kuwa picha ya kuombea msaada. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imekuwapo tangu 1996, ile ya Kakuma nchini Kenya tangu 1992; kuna watu waliozaliwa humo, wakasoma humo na kuoa humo, wengi wao wakizungumza Kiswahili kama lugha ya kila siku. Mtoto wa huko ana timu ya mpira anayoishabikia na mwalimu anayemwogopa. Anza na hivyo.

Hatua ya tisa: panga kurasa na mchoraji

Vitabu vya picha kwa kawaida huwa na kurasa 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa nane au 16. Kata daftari, kunja kitabu cha mfano, uandike maneno yako humo kwa penseli. Habari ya kifo isikae mahali ambapo mtoto anafungua ukurasa akiwa amecheka. Mpe ukurasa mmoja wa kujiandaa, ambao katika mfano wetu ni ule wa viti kushushwa. Baada ya habari, weka ukurasa wenye picha tu, bila maneno, ili anayemsomea mtoto apate nafasi ya kunyamaza au kuulizwa.

Mchoraji apewe mswada wote pamoja na utafiti wako: rangi ya turubai, mkao wa wanawake kwenye mikeka, jinsi jeneza la Kiislamu linavyobebwa mabegani. Mwambie asichore machozi kwenye kila uso. Maneno yakisema "alinyamaza" na picha ikaonyesha mtoto aliyejificha nyuma ya mapipa ya maji akiwa ameshika kanga ya mama, vitu viwili vimesemwa. Maneno yakisema "alihuzunika" na picha ikamwonyesha akilia, kimesemwa kimoja mara mbili.

Hatua ya kumi: wasomee watoto, kisha wachapishaji

Soma mswada kwa kikundi kidogo, kwa ridhaa ya wazazi au walezi waliokwisha kuusoma wenyewe, na mtu mzima anayewafahamu watoto hao awepo. Usiulize kama wamekipenda, maana watoto wetu wana adabu na watasema ndiyo. Angalia wanaposogea karibu na wanapoanza kuchezea mkeka. Waombe wakusimulie hadithi upya. Watakachokiacha hawakukielewa, na watakachokiongeza ndicho walichokihitaji. Mmoja akisema "halafu mama akaamka", rudi kwenye ukurasa wa bibi uongeze sentensi.

Kuhusu uchapishaji nitakuwa mfupi. Mchapishaji ataogopa kuwa wazazi na shule hawatanunua kitabu cha msiba, hivyo mpelekee pamoja na mswada ukurasa mmoja wa maelezo kwa mtu mzima: maswali ambayo mtoto anaweza kuuliza, na majibu mafupi. Kitabu kinacholenga kuingia darasani hupitia tathmini, kwa Tanzania kwenye Taasisi ya Elimu Tanzania na kwa Kenya kwenye taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD, kwa hiyo soma masharti yao kabla ya kuchora. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kipengele cha hadithi za watoto. Kama lengo lako ni kuwafikia wengi kuliko kuuza, African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na shirika la Saide, huhifadhi hadithi kwa leseni huria katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na mwalimu wa kijijini anaweza kuzipakua bila malipo.

Hatua ya mwisho: jiandae kwa mtoto atakayebaki nyuma

Ukialikwa shuleni kusoma, mwambie mwalimu mkuu mapema kitabu kinahusu nini, na umwombe akutajie, bila majina, kama kuna watoto waliofiwa karibuni. Mwanzoni mwa kikao watangazie watoto wote kwamba anayetaka kutoka nje anaweza kutoka bila kuomba ruhusa, na hakikisha yupo mtu nje. Baada ya kusoma, wenzake watakapokimbilia uwanjani, huenda mmoja akabaki akijifanya kutafuta kalamu. Usimuulize mbele za watu, na usimwahidi kutunza siri, kwa sababu akikwambia anadhuriwa utalazimika kusema. Kaa chini ili macho yenu yalingane, msikilize, mjibu swali alilouliza na si lile uliloliogopa, kisha mwombe mchague pamoja mtu mzima mmoja wa pale shuleni au nyumbani ambaye mtamweleza. Mwalimu apewe taarifa siku hiyohiyo kabla hujaondoka, na kitabu kimoja ukiache maktabani kwa jina la shule, si kwa jina la mtoto.